Pumzi Nilizompa Baba Mkwe

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Bupe,

Shikamoo dada. Ugonile? Mama naye anaendeleaje, ule mguu bado unamsumbua asubuhi, au ameanza kuuzoea? Wanao wanasoma vizuri? Yule mdogo bado anamkimbia jogoo wa shangazi? Mimi huku ni mzima, nimenenepa mashavuni, na joto la Dar linanipika kama kiazi kilichosahauliwa jivuni. Lakini nashukuru Mungu, mzima kabisa.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu zipo. Simu ya mama unaijua mwenyewe, akipokea anaweka spika, na mpaka mjomba aliyeko migombani anasikia na kuchangia. Halafu nyumba yetu haina dari. Kuta zinaishia njiani, juu ni mbao na mabati matupu, kwa hiyo nikinong'ona chumbani kwetu, aliyeko chumba cha pili anasikia kila neno. Na huyo aliyeko chumba cha pili ndiye ninayetaka kukuandikia habari zake. Basi nimekaa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na barua hii ataibeba Mama Mchungaji anayekuja huko kwenye semina ya akina mama. Isome kwanza peke yako. Kisha umsomee mama taratibu.

Ila kabla ya yote niache niseme kuhusu mume wangu, maana nisipomtaja nitapasuka. Dada, Ipyana! Sikujua kama mtu mzima anaweza kufurahi hivi. Anaondoka alfajiri kwenda Kurasini, kwenye yadi ya makontena anakofanya kazi ya ukarani, na kabla hajatoka ananiwekea mkono kichwani ananiombea, hata kama nimelala. Anarudi jioni ananuka dizeli na kutu, na mimi ile harufu naipenda mpaka shati lake sina haraka ya kulifua. Mchana anapiga simu kuniuliza nimekula nini. Nikimwambia ugali na dagaa, anasema, "Hao dagaa wana bahati." Yaani mimi nacheka peke yangu jikoni mpaka Mama Zulfa, jirani yetu anayekaanga vitumbua, anauliza kule nje, "Bi harusi, unacheka na nani?" Feni tunayo moja, na kila nikiamka naikuta imegeuziwa upande wangu. Nampenda, dada. Nampenda mpaka naogopa.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Siku ya harusi ulimwona mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyekaa nyuma kabisa ya turubai, uso kaugeuzia migomba. Ndiye baba mkwe wangu. Aligeuka vile ili mimi nisimwone, kama mila yetu inavyotaka. Wewe unazijua shida zake, umeolewa kabla yangu: humtazami baba wa mumeo, hutamki jina lake, hukai naye chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Kwetu ni rahisi, majani ya migomba yako tele ya kujifichia. Huku Mbagala utajificha nyuma ya nini, dada, ndoo?

Tunakaa naye nyumba moja kwa sababu mama mkwe alishafariki na mzee hana pengine. Tumejipangia utaratibu. Akitaka kutoka chumbani kwake anakohoa, nami najifungia chumbani kwetu. Akiwa uani, mimi sitoki. Chakula nakiweka kwenye kigoda nje ya pazia lake, nagonga ukuta, nakimbia. Ipyana aliwahi kumwambia baba yake kwamba Wanyakyusa wengi wa mjini wameyaacha mambo haya. Nilisikia jibu la mzee kupitia juu ya ukuta: "Mtaa mzima unanikimbia kwa kunichukia. Mwache mmoja anikimbie kwa heshima."

Maana baba mkwe, dada, alikuwa mtu wa unga. Ulimwingia tangu ujana wake alipokuwa kuli bandarini, ukakaa naye miaka. Ipyana alinieleza tangu wakati wa uchumba, na nilikubali kuolewa nikiwa nalijua. Siku hizi anatibiwa. Kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya maji inayomtuliza mwili usiutamani unga. Anainywa palepale nesi akimtazama, haruhusiwi kuibeba kwenda nayo nyumbani. Mtaani bado wanamwita teja, lakini alikuwa hajagusa unga kwa muda mrefu sana.

Kisha akaja kwenye harusi yetu.

Safari ya kwenda, siku za sherehe, safari ya kurudi, siku zote hizo hakunywa dawa. Unakumbuka mlisema mzee ana malaria, mkampa blanketi? Haikuwa malaria. Ilikuwa arosto, ndivyo wanavyouita huku ugonjwa wa kuikosa dawa. Nyie mnacheza, mimi nimekaa pale kama malkia na shela langu, yeye anatetemeka migombani akingoja mwanawe aoe kwa amani. Aliporudi Dar mwili ulikuwa umemshinda. Asubuhi akaondoka kwenda kliniki, na njiani akapita kwanza kijiwe chake cha zamani. Akachukua kipimo chake kilekile cha zamani. Kumbe mwili ulishasahau kukibeba.

Mimi sikujua. Nilisikia akikohoa kuingia, nikajifungia. Baadaye nikasikia anakoroma, mkoromo mzito wa ajabu, kama mtu anayekwangua chungu. Nikajisemea safari imemchosha mzee wa watu. Nikaendelea kukunja nguo za Ipyana. Mkoromo ukawa unakuja kwa kuchelewa, unakaa, unakuja tena, kisha ukakoma kabisa.

Nilikwenda nikasimama nje ya pazia lake. Pazia tu, dada, kile kitambaa cha maua alichoshona marehemu mama mkwe. Mkono wangu ulikuwa juu yake na haukutaka kulivuta. Nilikohoa. Kimya. Nikagonga ukuta. Kimya. Sijui nilisimama pale muda gani na heshima yangu. Ndipo nikatoka mbio uani nikamwita Mama Zulfa, akaingia yeye, na nikamsikia, "Yarabi! Midomo imekuwa ya zambarau!"

Hapo nikaingia na mimi.

Watu walijaa mara moja, unavyojua uswahilini. Mmoja kaja na ndoo ya maji anataka kummwagia. Mama Zulfa kaja na maziwa, anasema sumu dawa yake maziwa, anamfungua mdomo aanze kumimina. Mara sauti mlangoni: "Acha hayo maziwa, mama! Unataka kumzamisha mtu nchi kavu?"

Alikuwa Kasim. Kasim ni kijana wa mtaa wa nyuma, naye alikuwa teja, akapona, na sasa kliniki inamtumia kupita vijiweni kuwaelimisha wenzake. Mwembamba kama mwiko, lakini alipopiga magoti pale watu wote walimpisha. Akamtikisa mzee mabega.

"Mwiteni jina! Bi harusi, wewe si wa humu ndani? Mwite jina lake kwa nguvu!"

Dada, nilifungua mdomo. Jina nalijua, liko kwenye cheti changu cha ndoa. Halikutoka.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi vipi? Bubu?"

"Ni mkwewe huyo," Mama Zulfa akamwambia. "Kwao hawatajani."

"Haya, mila mtakaa kikao baadaye," Kasim akasema. "Sasa hivi huyu hapumui. Inabidi apuliziwe. Na mie mapafu yangu haya ni makapi, TB imeniacha juzi, pumzi zangu mwenyewe hazinitoshi. Nani ana kifua?"

Watu wakatazamana. Mdomo wa teja, dada. Nani aweke mdomo wake pale? Mwanamume mmoja akasema ana haraka. Mama Zulfa akaanza kulia. Nami nikasema, "Nionyeshe."

Basi nilimshika baba mkwe wangu kidevu, nikainua kichwa chake kama Kasim alivyonielekeza, nikambana pua, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake. Yote ambayo mama na shangazi walinifundisha niyaogope niliyafanya mchana kweupe, mlango wazi, majirani wanatazama. Nikapuliza, kifua chake kikapanda. "Ehee, hivyohivyo," Kasim anasema, "usimwache, hesabu, puliza tena." Tukambeba mpaka kwenye bajaji, nimemlaza mapajani. Dereva analalamika, "Sista, akifia humu mie ndio nitaulizwa." Kasim akamjibu, "Ukiendelea kuongea atafia humu kweli. Kata kushoto!" Foleni ya barabara ya Kilwa unaisikia tu kwa jina. Tulisimama nyuma ya lori, na katika foleni ile nilikuwa napuliza, natazama lile lori, napuliza. Nilimwomba Mungu kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, yoyote atakayoisikia haraka.

Hospitali walimpokea mbio. Nesi akamchoma dawa inaitwa naloksoni. Dada, sijawahi kuona kitu kama kile. Mtu aliyekuwa anaondoka, nimemshika mwenyewe anavyopoa, alivuta pumzi kubwa kama aliyetoka chini ya maji, akafungua macho, akaanza kutukana. Dawa ile inaung'oa unga mwilini mara moja, kwa hiyo mtu anaamka na arosto kali. Akatapika, akatukana tena, akageuza kichwa. Akaniona.

Tulitazamana, mimi na baba mkwe wangu, kwa mara ya kwanza na macho yetu sote yakiwa wazi. Yeye akajivutia shuka usoni. Mimi nikachuchumaa nyuma ya mlango na kanga yangu kichwani. Nesi akasimama katikati na sindano yake.

"Nyie vipi? Mmetoka kufa sasa hivi, mnacheza kujificha?"

Kasim alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa chini kwenye korido, akawa halii na hacheki. Akaniambia, "Dada, ile dawa ipo hata ya kupuliza puani, mtoto wa shule anaweza. Mie nimefundishwa. Nimeishika darasani kwa mikono hii, nikairudisha kabatini. Sheria inataka ikae kwa daktari. Iko kliniki, ndani ya kabati lenye kufuli, na watu wanafia huku kwetu." Akanisimulia habari za wenzake aliowahi kuwabeba hivyo kwenye foleni bila kufika. Hakuwataja wengi.

Ipyana alipofika alinishika mashavu, akautazama mdomo wangu, akasema, "Mdomo huu." Basi. Akanibusu palepale mbele ya nesi. Sitasahau mpaka nazikwa.

Utadhani mambo yaliishia hapo. Hapana, ndipo nilipofungiwa hasa.

Mzee alirudi nyumbani na kwenye dawa yake, lakini daktari alisema wiki hizi ni za hatari, asiachwe peke yake. Ipyana hawezi kuacha kazi. Ninayebaki mchana ni mimi, na mimi siruhusiwi kumtazama. Sasa nisemeje, dada? Siendi sokoni. Kwaya nimeacha, ibada naenda siku Ipyana yupo. Nakaa chumbani humu na masikio yangu. Nimejua kuzitofautisha pumzi zake: hii ya usingizi, hii ya mawazo, hii anajifanya amelala. Bati likilia kwa jua nashtuka. Redio siwashi. Ni fungate gani hii, bi harusi anasikiliza pumzi za mwanamume mwingine kutwa nzima!

Ipyana aliona ninavyokonda roho, akasema, "Nikurudishe kwenu kidogo, mpaka mambo yatulie?" Nikalia. Nikiondoka, nani atakaa huku? Na nikimwacha Ipyana hata wiki moja mimi nitakufa mwenyewe bila unga wowote. Nikamwambia usiniulize tena.

Basi mzee mwenyewe akatafuta njia. Siku moja kulikuwa kimya sana nikakohoa kwa hofu, si kwa adabu. Nikasikia kikombe chake cha bati kinagonga ukuta, ko, ko. Nikakohoa tena. Ko, ko. Tangu siku hiyo ndiyo mazungumzo yetu. Nakohoa, anagonga. Kuna siku anagonga kabla sijakohoa, ananipumzisha.

Wiki iliyopita kliniki iliita familia za wagonjwa, kulikuwa na wakubwa wa afya waliotaka kusikia maoni kuhusu ile dawa, kama iruhusiwe kukaa kwa watu kama Kasim, na hata majumbani. Kasim akaja kuniomba nikaeleze. Ipyana hakulala vizuri. Akasema, "Mke wangu, nenda, lakini baba usimtaje jina mbele ya watu." Nikamwambia, mume wangu, hilo ndilo jambo pekee nisiloweza kukosea.

Mzee naye alikuja, kumbe. Hakuingia ukumbini. Alikaa nje chini ya dirisha, akakohoa, ili nijue. Nikalipa dirisha mgongo nikasema yote niliyokuandikia hapa. Mkubwa mmoja, mama mpole tu, akaniuliza, "Binti, dawa ikiwa mikononi mwa kila mtu, hamuoni watu watabwia zaidi wakijua ipo?" Unanijua nisivyopenda kusimama mbele za watu. Lakini nilimkumbuka Ipyana. Nikasema, "Shikamoo mama. Kazini kwa mume wangu mtungi wa kuzimia moto umetundikwa ukutani, hauna kufuli. Sijasikia mtu amewasha moto kwa sababu mtungi upo. Sisi siku ile tulikuwa na maziwa na ndoo ya maji. Hivyo ndivyo vilivyokuwa mikononi mwetu."

Ukumbi ukapiga makofi. Yule mama aliandika. Akasema jambo hili liko mezani, miongozo ya dawa haibadilishwi kwa siku moja, tuvumiliane. Kasim akasema chinichini, "Sie tunavumilia, ila pumzi haivumilii." Tukanywa soda tukarudi nyumbani. Kabati bado limefungwa.

Jioni ile mzee akaongea na Ipyana kwa sauti kubwa kuliko kawaida, nikajua anaongea na mimi. Akasema, "Mwambie mkeo awaandikie kwao. Mtu ambaye pumzi zake zimeingia kifuani mwangu, namkimbia vipi? Waulize wazee wake njia ya kutufungua. Kama ni jogoo, kama ni kitenge cha mama yake, nitatafuta. Nataka nimshukuru, nimwambie ndaga nikiwa namtazama."

Hilo ndilo ombi langu, dada. Nenda na mama kwa shangazi, waulizeni wakubwa kama kuna namna ya kuifungua heshima hii bila kuivunja. Shangazi aliwahi kusema zamani ilifanyika kwa mke aliyemuuguza mkwewe. Wakisema haijawahi, waambie nami sijawahi kuona kinachonikuta. Si kwamba naidharau mila. Naipenda, na najua mzee anavyoipenda. Lakini siku ile nilichelewa kwenye pazia, si kwenye foleni. Hata serikali ikinipa ile dawa kesho niiweke chini ya mto wangu, itanisaidia nini kama nitasimama tena nje ya kitambaa, nakohoa? Kufuli la kabati silifikii mimi. Hili lenu linafikika kwa miguu, ni pale tu mtoni kwa shangazi.

Jibu mpe Mama Mchungaji akirudi. Usipige simu.

Msalimie sana mama, mwambie asilie, mkwe wake ananipenda na ninakula vizuri. Msalimie shangazi mwenye jogoo. Msalimie mjomba, mwambie blanketi lile alilompa mzee analo mpaka leo, anajifunika nalo katika joto hili hili. Msalimie shemeji, na mwalimu wa kwaya aliyeniimbia mpaka sauti ikamkauka. Wabusu watoto.

Inabidi niishie hapa. Nilikuwa naandika kwa furaha ya kuongea nawe, na sasa hivi ndiyo nagundua kwamba upande wa pili kumekuwa kimya tangu ukurasa uliopita. Ngoja nikohoe.

Mdogo wako akupendaye,
Lugano, mke wa Ipyana

Nimekohoa mara ya pili.

Amegonga.